Chumba cha Mbele

Tarehe 9 Januari

Dada mkubwa,

Zipokee salamu kabla hujatafuta miwani, maana salamu zangu hazina masharti wala maandishi madogo chini. Sisi wazima. Wifi yako kikohozi kimemwachia, kimehamia kwa kitinda mimba. Mkubwa kafaulu mtihani, ila hesabu kapata kama baba yake, kwa hiyo tumekubaliana nyumbani jambo hilo lisitajwe mbele ya chakula.

Umeuliza kazi inaendaje. Ofisi bado iko nyuma ya saluni, nyuma ya pazia. Mbele wanasukwa, nyuma wanashauriwa. Kibao kinasema Ushauri wa Mipango ya Fedha, na bado wiki haipiti bila mtu kuingia kuomba mkopo. Nikimwambia sisi hatukopeshi, sisi tunakaa na mtu tunapanga hela yake imfikishe uzeeni akiwa na heshima zake, ananiangalia kama nimemwuzia kiatu cha mguu mmoja. Mwingine aliniambia maneno hata kinyozi anatoa bure. Nikamwambia ni kweli, na waangalie wanavyotoka kwa kinyozi: vichwa vipya, mifuko ileile.

Yule mhasibu niliyemchukua, aliyepunguzwa benki, watu sasa wanamwita Mama Hesabu. Cheti chake ndicho kiko ukutani. Changu cha darasa la tano nimeombwa kwa upole nikiache nyumbani. Yeye kalamu, mimi mdomo. Ana sheria moja: kabla mteja hajafungua mkoba, sisi tunatangulia kusema tunapata nini kwenye shauri hilo. Ada ni kiasi hiki, chini ya meza hakuna kitu. Anaiita kuvua viatu mlangoni. Mimi nimeongeza utundu wangu. Tuna kiti kimoja kifupi, mteja akikikalia tunamwambia, sasa hivi una miaka sabini. Umeamka. Chai umekunywa? Sukari kanunua nani? Juzi fundi magari, mtu na kifua chake, alijibu la kwanza, la pili akaomba maji.

Shida ni pazia. Majuzi mume na mke walibishana kuhusu kiwanja, na akina mama waliokuwa kwenye mashine za kukaushia nywele wakatoa hukumu. Mke kashinda kwa kura nyingi. Mume hajarudi mpaka leo, na ada kaondoka nayo. Kwa hiyo kile chumba cha mbele cha nyumba yako, ulichosema ni changu, chenye mlango wa barabarani, nakiota hata mchana. Fundi wako kamaliza kuta, bado paa tu. Jumapili nilisimama humo ndani nikaangalia mawingu kama mwenye nyumba.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni, na ambaye sasa huwezi.


Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma wodini wakati wa chai, mgonjwa wa kitanda cha dirishani akataka kujua nacheka nini. Mimi mzima. Magoti yanalalamika kwenye ngazi, kwenye sakafu yananyamaza. Mwambie wifi huyo mtoto apewe vya vuguvugu na asifunikwe mablanketi mawili, mnampika.

Nina jambo. Nimeliandika kwa sababu kwenye simu unanichekesha mpaka salio linaisha na swali langu linabaki palepale.

Nastaafu mwisho wa Juni. Wametuletea fomu ya mafao, na njia ni mbili. Ya kwanza, unachukua mkupuo mkubwa sasa, halafu pensheni ya kila mwezi inakuwa ya sabuni na chumvi. Ya pili, mkupuo mdogo, na pensheni ya mwezi inayomtosha mtu mmoja mpaka atakapozikwa. Ukishatia saini hakuna kurudi nyuma. Mkupuo mkubwa unaezeka nyumba na kuimaliza. Mdogo hauezeki.

Watu wanakulipa kwa maswali kama haya. Ungekuwa ni mimi, ungetia alama wapi?

Dada yako.


Tarehe 14 Machi

Dada,

Usininunie, sikupotea, nilikuwa nakua. Kukua kunachosha kuliko kuzaliwa. Mtoto kapona, sasa anawaambukiza wengine kelele. Wifi yako anauliza kama kule kwenu vitambaa vya mapazia bado ni rahisi. Mimi nimekwambia tu, sijakutuma.

Sikia habari kubwa. Kiwanda cha mikate kimetuita. Wafanyakazi sitini. Meneja anasema kila mwaka wakipewa marupurupu wiki haiishi wako mlangoni kwake wanaomba mshahara wa mbele. Anataka tukae nao mmojammoja kabla ya marupurupu ya mwaka huu. Mama Hesabu alipiga mahesabu yake kimyakimya, akasema kazi hiyo ikipatikana tunaweza kuajiri mtu wa tatu. Ila meneja anataka kuona ofisi. Nikamwambia tuko mbioni kuhamia pa barabarani.

Akatokea pia kijana wa kampuni moja ya bima, tai imembana mpaka sauti imekuwa nyembamba. Atatulipia chumba cha juu, cha vioo, bure, mradi kila mteja wetu atoke na bima yao. Nikamwuliza, na asiyeihitaji? Akasema hakuna asiyeihitaji. Mama Hesabu alisimama, akashusha cheti chake ukutani, akakifuta vumbi, akakaa nacho mapajani mpaka kijana alipoaga. Kwa hiyo vioo tumevikosa. Tunataka chumba ambacho hatumpigii mtu magoti, na duniani nakijua kimoja tu.

Lile la fomu nimeliona. Ni jambo zito, halitaki pupa. Kila njia ina uzuri wake na ubaya wake. Nitalikalia nilitafakari vizuri.

Fundi kasahau kuniambia upana wa mlango wa mbele. Wa kibao ananisumbua vipimo.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa habari. Huku ni wazima, mvua imeanza na mbu wamekuja nayo. Mapazia yamepanda bei, mwambie wifi.

Umeandika karatasi mbili. Fomu umeipa mistari mitatu, na mmoja ni wa kuniambia kila njia ina uzuri wake. Hilo hata mfagiaji wa wodi aliniambia, tena hakuwa ametulia, alikuwa anapiga deki.

Wenzangu wawili wametangulia kustaafu. Mmoja alichukua pensheni kubwa, nimekutana naye sokoni ananenepa. Mwingine alichukua mkupuo, akanunua gari la biashara. Hatujamwona yeye wala gari.

Fomu inarudi mwisho wa Mei. Nakusubiri. Upana wa mlango mwulize fundi, mimi sijawahi kuuona.

Dada yako.


Tarehe 17 Mei

Dada,

Wote hatujambo, tunadaiwa usingizi tu. Meneja wa mikate kakubali. Tunaanza Septemba. Nimemwambia kufikia hapo tutakuwa kwenye jengo la familia, akasema jengo la familia ni dalili ya watu waliotulia. Kibao nimeagiza, herufi za bluu, kinajaza upana wote juu ya mlango. Mlango wenyewe Mama Hesabu anautaka kijani, mimi nataka bluu, tumeacha mpaka mwenye nyumba aseme. Mwenye nyumba ni wewe.

Kuhusu fomu, dada, nani mimi wa kukuelekeza? Umenifuta kamasi, umenifunga kamba za viatu, mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya hospitali najikuta nanyoosha mgongo. Utakachoona chema ndicho chema. Sisi wadogo ni wa kuitikia.

Mdogo wako, mwitikiaji.


Tarehe 2 Juni

Dada,

Salamu za leo ni fupi, zimekaa mlangoni.

Jana nilikupigia ili niseme yaliyomo humu. Nilivyosikia sauti yako nikauliza habari za mvua. Ukanijibu vizuri, tukaagana.

Ilikuwa hivi. Juzi tunafunga ofisi, Mama Hesabu akaangalia kalenda ya saluni akaniuliza, yule mteja wako wa barua, uliyenisimulia fomu yake, amejibiwa? Nikamwambia yule si mteja, ni dada yangu. Akasema, "Kumbe kwenu ndugu anapata pungufu ya mteja."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kile kiti kifupi akanikalisha, akasema wewe sasa ni dada yako, una miaka sabini, umeamka, chai umekunywa? Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikajiona ndani ya nyumba imeezekwa vizuri, vigae vinang'aa, mpaka jikoni, na jikoni hakuna cha kuchemsha. Akauliza sukari kanunua nani. Nikataka kusema mdogo wangu. Dada, mimi namjua huyo mdogo wako. Mimi mwenyewe nisingemkopesha.

Basi navua viatu, ingawa nimeshaingia na matope. Kwenye shauri hili mimi napata chumba. Napata ofisi, napata wafanyakazi sitini wa mikate, napata jina mtaani. Wewe ukichagua njia ya pili, vyote hivyo sivipati. Ndiyo sababu kila nilipokuwa na jibu nilikuwa na kisingizio.

Na jibu ni hili, lilelile ambalo ningempa mtu baki siku ya kwanza: tia alama njia ya pili. Chukua pensheni kubwa. Nyumba iache ilivyo, kuta haziombi chakula. Wewe kula kwanza.

Najua mwezi wa Mei umeisha. Ofisi hizi zinachelewesha kila kitu, labda mara hii uzembe wao utusaidie. Kama fomu bado iko kwenye droo yako, badilisha. Kama imekwenda, kamfuate wa mafao, mwambie mkono uliteleza.

Mdogo wako.


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Barua yako ya tarehe mbili imefika wiki iliyopita, posta waliipeleka kwanza hospitali nyingine.

Fomu niliipeleka mwisho wa Mei. Njia ya kwanza. Nilienda kumwona wa mafao kama ulivyosema. Ni binti mpole, alinipa kiti, akaniambia mama, hii imeshaondoka.

Usijisumbue sana. Barua yako ya Mei ilikuwa na kibao, na meneja, na mlango wa bluu au wa kijani. Nikaona jibu limo humo, ila umeona haya kulitamka. Si lazima mtu aseme ndiyo kwa mdomo.

Bati nimepewa kwa deni mpaka mkupuo uingie, fundi anaanza wiki ijayo. Wodini wameniaga vizuri, kulikuwa na keki na saa ya ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alitoa hotuba nzuri kuliko ya mganga mkuu. Funguo za chumba cha mbele fundi atakukabidhi mkononi.

Rangi chagueni wenyewe.

Dada yako.


Tarehe 6 Septemba

Dada,

Huku hatujambo. Wifi yako kashona mapazia kwa kitambaa cha hapahapa, yamekuwa mafupi, anasema ni mtindo.

Nyumba imekwisha. Fundi kafanya kazi ya maana, hata mvua ya wiki iliyopita haikupata pa kuingilia. Chumba cha mbele kina mwanga mpaka kona za nyuma, sakafu imelala sawa, niliweka goroli haikwenda popote. Alinipa funguo kipindi cha bati za mwisho. Ziko kwenye kopo la majani ya chai. Sijahamia.

Wa mikate tumewaanza hivyohivyo. Nilimwendea meneja nikamwambia jengo la familia limeahirishwa. Nilidhani kazi imekwenda. Akafikiri, akasema basi njooni nyinyi huku, kantini inakaa tupu kila baada ya chakula cha mchana. Tumebeba meza moja na kiti kifupi. Imetokea kuwa ni afadhali: mtu anakuja na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi, hana nafasi ya kujifanya tajiri. Mwenye kiwanda cha sabuni jirani kasikia, naye anatuulizia. Mama Hesabu anasema tungekuwa na ofisi nzuri tungekaa ndani yake tukisubiri watu.

Sasa la pili. Wiki iliyopita nilikupigia jioni. Nyuma yako ililia kengele, na mtu akaita, sista, kitanda cha nne. Dada, wewe umestaafu. Mimi nikauliza habari za mvua, unanijua. Leo nauliza kwa maandishi: uko wapi jioni?

Na la tatu ndilo shauri, la nyongeza, ada yake sitaki. Kuna mwenye duka la dawa anatafuta chumba cha barabarani. Kakiona cha mbele, kakipenda, analipa kodi ya kueleweka na yuko tayari kulipa miezi mitatu mbele. Hela iende moja kwa moja kwenye akaunti yako, isipite kwangu hata kusalimia. Ukijumlisha na ile pensheni yako ya sabuni, Mama Hesabu kapiga, inakaribia ile ya njia ya pili. Haifiki, lakini inakaribia.

Mimi nikiingia utalipwa kodi ya undugu: mwezi wa kwanza shukrani, kuanzia wa pili visingizio.

Sitatoa ufunguo mpaka mwenye nyumba aseme.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mapazia mafupi yasiwasumbue, hayaokoti uchafu.

Ni zahanati ya mtu binafsi, karibu na ninapopanga. Zamu za usiku, nne kwa wiki. Si kazi nzito, wagonjwa wengi wanalala. Hela ya mkupuo ilikwisha kwenye vigae, hata ya kuhamia nyumbani haikubaki, nikaona nikisema utaanza kuniletea utani.

Chumba kile nilikijenga kwa ajili yako. Nilipomwambia fundi aweke mlango wa barabarani alibisha, akasema unaharibu ramani. Nikamwambia mdogo wangu ana kazi ya watu, hawezi kukaa nyuma ya pazia maisha yake yote. Sasa unataka nimpe muuza dawa.

Na nikikataa?

Dada yako.


Tarehe 19 Oktoba

Dada,

Ukikataa, ufunguo unarudi kwa fundi, chumba kinakaa kitupu, na mimi siingii. Buibui watakuwa na ofisi nzuri kuliko yangu.

Nimefurahi kusikia ulibishana na fundi kwa ajili yangu. Hilo nimelichukua, limetosha, sidai na chumba juu yake. Na kazi haiko nyuma ya pazia tena. Kiwanda cha sabuni kimesaini. Yule mtu wa tatu tumempata, dada mmoja aliyekuwa anakusanya michango ya msiba na harusi kwa uaminifu mpaka watu wakaanza kumwogopa. Wifi yako kauliza mara mbili kwa nini nimekuwa nafika nyumbani na unga.

Mkataba wa duka la dawa nimeuweka ndani ya bahasha hii. Mama Hesabu kausoma mara nyingi kuliko anavyosoma sala. Nafasi ya mwenye nyumba iko wazi, nafasi ya shahidi nimetia saini yangu, na pale wanapouliza "maslahi ya shahidi katika jengo" nimeandika hana.

Nimeandika kwa wino, dada. Haifutiki.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Desemba

Mdogo wangu,

Mimi mzima, natumaini nanyi. Wifi mwambie nimemwekea kitambaa, kirefu cha kutosha mara hii, atakipata kwa mtu anayekuja huko. Watoto wasalimie mmojammoja, usiwajumlishe.

Mkataba niliukalia siku kadhaa, halafu nikausaini nikiwa nimesimama, kwenye dirisha la posta. Kodi imeingia. Nilienda benki kuangalia, nikaondoka, nikarudi kuangalia tena. Muuza dawa ameniandikia pia, mtu wa adabu, anaomba ruhusa ya kupaka mlango rangi nyeupe. Nimempa.

Umesema ada ya shauri hutaki. Mimi nimemtumia Mama Hesabu ada kamili kwa jina langu, kama mteja yeyote, na ameniletea risiti. Usimwulize.

Jumatatu nilimfuata daktari wa zahanati, nikamwambia atafute mwingine wa zamu za usiku. Akasema kazi yangu ni nzuri, nikihitajika atanikumbuka.

Nikamwambia anikumbuke mchana.

Dada yako.